Areli ya gari la zamani ikikwama Kericho: usikimbilie kununua mota

Ukiwasha redio ya gari la zamani ukasikia mota ikinguruma ndani ya buti, kisha ikafuata sauti ya tak-tak-tak na fimbo ya areli haitoki, zima redio. Usiiwashe tena na tena ukidhani unaisaidia, wala usichukue koleo ukaivuta. Sauti hiyo maana yake mota ni nzima na gia zinazunguka, ila kuna kitu kimeikaba fimbo. Ukiiacha ipambane hivyo kila siku, utapoteza mota iliyokuwa nzima, au betri, au vyote viwili.

Mwongozo huu ni wa jamaa zetu walioko Kericho na Bomet, na si wachache: madereva wa malori ya chai, walimu, wauguzi, wenye maduka, na dada zetu walioolewa huko. Pwani na nchi ya chai zimefungamana kitambo. Chai ya Kericho hushuka Mombasa kuuzwa kwenye mnada, ambao ulianzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa hapa Mombasa mwaka 1969. Magari nayo hupanda. Magari mengi ya mitumba yaliyoko bara yalishushwa kwenye bandari yetu, na mengine yalitembea Mombasa, Malindi au Ukunda miaka kumi na zaidi kabla ya kuuzwa kwa mtu wa Litein au Sotik.

Areli ya umeme, au antena kama wengine wanavyoiita, ni ya magari ya kizazi hicho: Toyota Crown na Mark II, baadhi ya Corolla, Nissan Laurel na Bluebird, Mercedes-Benz W123 na W124. Ni ile inayojitokeza yenyewe redio ikiwashwa na kuzama redio ikizimwa. Kwa sababu sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, magari ya namna hii hayaji tena. Yaliyopo ndiyo hayo, na kila areli inayotupwa inapunguza hesabu ya zilizobaki. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuitengeneza badala ya kuing'oa.

Maradhi mawili kwenye fimbo moja

Gari lililotoka pwani likaenda Kericho hubeba maradhi ya sehemu mbili. Huku kwetu hewa ina chumvi. Chumvi hukaa kwenye maungio ya fimbo, inakula rangi ya kromu na kuacha vidoa vya kijani au vyeupe kwenye shaba iliyo chini yake. Vidoa hivyo ni vidogo, huenda usivione, lakini mirija ya areli imepishana kwa nafasi nyembamba mno. Kidoa cha unene wa karatasi chatosha kuifunga.

Kisha gari linapanda karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kericho hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya mvua ya Mombasa. Barabara za ndani ya mashamba ya chai ni za udongo mwekundu, na udongo ule ukilowa ni kama gundi, ukikauka ni kama unga. Areli inatoka ikiwa safi, inalowa, inapakwa vumbi na matope ya magurudumu, halafu jioni inazama ndani na uchafu wake wote. Asubuhi kuna baridi ambayo mtu wa Mombasa haijui, na grisi ya miaka thelathini iliyo ndani ya mota imekuwa ngumu kama nta ya mshumaa. Mwenye gari anashangaa mbona mchana areli inapanda na alfajiri inagoma. Jibu ni hilo.

Kuna pia mvua ya mawe. Kericho inajulikana ulimwenguni kwa wingi wake, na wakulima wa chai wanajua hasara yake vizuri kuliko sisi. Areli iliyoachwa imesimama wakati mawe yanaanguka hupindika, hasa kile kipande chembamba cha juu. Mawe yakianza, zima redio, iache izame.

Ilivyo ndani

Fimbo yenyewe ni mirija mitatu hadi mitano inayoingiana kama darubini ya nahodha. Ndani yake imepita kamba ya nailoni yenye meno upande mmoja, ambayo ncha yake ya juu imeshikamana na kile kipande chembamba kabisa. Kamba hiyo hushuka hadi kwenye gia ya mota. Mota ikizunguka upande mmoja, gia inaisukuma kamba juu na fimbo inatoka. Ikizunguka upande wa pili, kamba inavutwa chini na kujiviringa ndani ya kibweta cha duara kilicho ubavuni mwa mota. Kwa hiyo mzigo wote, kupanda na kushuka, unabebwa na kamba ya nailoni isiyozidi unene wa njiti ya kibiriti.

Wabunifu walijua kwamba siku moja fimbo itakwama, wakaweka klachi ndogo. Fimbo ikigoma, klachi inateleza ili mota isivunje kitu. Ile tak-tak-tak ni klachi inateleza. Fimbo ikifika mwisho wa safari yake, swichi ndogo hukata umeme. Aina nyingine hukata baada ya sekunde kadhaa kwa kipima muda.

Umeme huja kwa njia mbili, na hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Kuna waya unaotoka kwenye betri kupitia fyuzi, wenye umeme wakati wote hata ufunguo ukiwa mfukoni. Na kuna waya mwembamba unaotoka kwenye redio, wenye umeme redio ikiwa imewashwa tu. Huu wa pili hauendeshi mota. Unatoa amri tu. Ukiwa na umeme, areli inapanda. Ukikosa umeme, areli inashuka kwa nguvu ya ule waya wa kwanza. Waya wa tatu ni wa ethi, umefungwa kwenye bodi.

Sikiliza kwanza

Kabla ya kufungua skurubu yoyote, weka gari mahali tulivu, zima injini, mweke mtu mmoja kwenye kiti awashe na kuzima redio, nawe simama karibu na areli. Usiinamishe uso juu yake. Sikio litakupa nusu ya jibu.

Kimya kabisa ni tatizo la umeme. Anza na fyuzi, kisha ethi, kisha waya wa amri, na mota iwe ya mwisho kushukiwa. Chukua mita ya umeme, au ile taa ya kupimia ya mafundi, ambayo ni balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili tu, upime kwenye soketi ya mota. Waya wa betri uwake wakati wote. Waya wa redio uwake redio ikiwa hai na uzimike redio ikizimwa. Vyote vikiwa sawa na ethi ni safi, basi hapo ndipo unaweza kuishuku mota.

Mota ikizunguka kwa wepesi, bila kulemewa, na fimbo haitikisiki, kamba imekatika au meno yake yamelika. Mota nzima, gia nzima. Unahitaji fimbo mpya yenye kamba yake.

Mota ikilalamika, fimbo ikapanda kidogo na kusimama, au ikapanda na kushindwa kurudi, fimbo ni chafu au imepinda. Hii ndiyo hali ya magari mengi ya kule, na ndiyo rahisi kutibu. Ni hapa pia ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mtu huambiwa "mota imekufa" na fundi ambaye hakuinama kusikiliza.

Areli ikipanda vizuri lakini haishuki hata kidogo, na hakuna sauti yoyote redio ikizimwa, rudi kwenye ule waya wa betri. Umeme wa kudumu haupo.

Na mota isipoacha kuzunguka, toa fyuzi yake papo hapo. Aina za zamani ambazo hazina kipima muda hutegemea swichi ya kikomo, na fimbo isipofika mwisho, swichi haiguswi. Mota itaendelea kunguruma hata baada ya wewe kufunga mlango na kwenda kulala. Hili si jambo dogo. Katika vijiji vya kule juu, gari la jirani ndilo ambulensi ya usiku. Mjamzito akishikwa na uchungu saa nane usiku na hospitali ya Kapkatet au Tenwek iko mbali, betri iliyonyonywa na areli ni msiba unaoweza kuzuilika kwa kuchomoa fyuzi moja. Gari litaendelea na kazi zake zote. Utakosa tu fimbo inayocheza. Angalia tu kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi kwamba fyuzi hiyo haitumiki na kifaa kingine.

Kusafisha

Hii ndiyo kazi ya kwanza na mara nyingi ndiyo ya mwisho. Unahitaji vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi, mafuta ya taa kidogo, mafuta ya cherehani, na subira.

Itoe fimbo kadiri inavyokubali. Ikiwa imekwama nusu, mwenzako awashe redio mara moja, nawe uishike kwa vidole viwili karibu na shingo, si kwenye ncha, uisaidie taratibu ikiwa mota inasukuma. Mota ikinyamaza, wewe pia acha. Kuivuta wakati mota imesimama ni kuvuta meno ya nailoni dhidi ya gia iliyojifunga, na meno hayatashinda.

Loweka kitambaa kwa mafuta ya taa, ukaze kwa vidole kuzunguka mrija mwembamba wa juu, na ufute kuelekea chini. Kitambaa kitatoka cheusi. Badilisha upande, rudia, shuka mrija unaofuata. Kwenye kila ungio tia tone moja la mafuta ya taa na uache dakika kumi, maana uchafu mgumu umelala hapo mdomoni. Vile vidoa vya chumvi hutoka kwa Brasso na kitambaa. Msasa wa kawaida utaondoa kidoa pamoja na kromu, na msimu wa mvua ukija kutu itakuwa mara mbili.

Kitambaa kikianza kutoka safi, kausha fimbo yote. Tia matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye kitambaa kikavu, siyo kwenye fimbo, uifute. Kisha zima na uwashe redio mara tano au sita, ukiifuta kila inapotoka, kwa sababu kila safari inaleta uchafu uliokuwa ndani. Ukiisikia inapanda bila kulalamika, futa mara ya mwisho hadi ibaki kavu ukiigusa.

Grisi usipake. Najua mafundi wengi wa gereji za jua kali hupenda kupaka grisi kila kinachosonga, na siku ile ile areli itapanda kama mpya. Baada ya wiki mbili za vumbi la barabara ya shamba, grisi ile imegeuka kuwa msasa. Oili ya injini ni vivyo hivyo.

Katika mazingira ya Kericho na Bomet, fanya kazi hii kila baada ya miezi mitatu, na kila baada ya safari ndefu ya matope. Ukienda kuosha gari, zima redio kabla maji hayajaanza. Ukimaliza, iinue areli na uifute kabla hujaiacha izame na maji yake.

Fimbo iliyopinda

Mpindo wa upole, kama wa upinde wa mvua, hunyooshwa kwa vidole ukitumia kidole gumba kama egemeo, kidogo kidogo, fimbo ikiwa imetoka yote. Mpindo wenye kona, au mrija uliobonyea, hauna dawa. Hata ukiunyoosha ukapendeza macho, duara lake limeharibika na hautaingia kwenye mwenzake. Aina hii hutokana na matawi ya mikaratusi na mikono ya watoto zaidi ya mawe. Usiukate ule mrija ukidhani unaokoa kilichobaki: kamba imeshikamana na kipande cha juu kabisa, ukikikata umeikata areli yote.

Kubadilisha fimbo bila kugusa mota

Wengi hawajui kwamba katika magari mengi ya Japani na Ujerumani fimbo huuzwa peke yake pamoja na kamba yake. Mercedes za W123 na W124 zilitumia sana areli za kampuni ya Hirschmann, ambayo fimbo zake ziliundwa zibadilishwe kwa juu. Muuza spea akikuambia ni lazima ununue areli nzima, muulize tena, au umuulize mwingine. Kirinyaga Road, Nairobi, na kwa wauza spea za magari yaliyovunjwa Mombasa, bado zinapatikana. Peleka fimbo ya zamani mkononi. Linganisha urefu wa kamba, unene wake, umbo la meno, na ile pete ya shaba iliyo chini ya fimbo. Kamba ikiwa fupi haitafika kwenye gia; ikiwa ndefu itajikunja ndani ya kibweta na kukwama.

Kazi yenyewe ni ya robo saa. Fungua nati ya shingoni. Nyingi zina mikato miwili badala ya kona sita, na koleo nyembamba yenye ncha mbili huifungua bila kuikwaruza. Mwenzako awashe redio. Mota itaisukuma kamba yote nje, na wewe unaipokea fimbo kwa mkono hadi kamba iachiwe na gia. Iweke kando uitazame: kamba ikiwa imetoka nzima, mpaka ncha yake, una bahati. Ikiwa imekatika, kipande kilichobaki kiko ndani ya kibweta, na hutaepuka kuifungua mota.

Angalia meno ya kamba ya zamani yalielekea upande gani, hiyo mpya iingie vivyo hivyo. Isukume chini hadi uhisi imegusa gia. Mwenzako azime redio. Mota itazunguka kinyume, itaidaka kamba na kuivuta. Usiisukume, ishike tu isiyumbe, huku ukiongoza mirija kuingia shingoni. Ikiwa mota imesimama kabla ya kuvuta yote, washa na kuzima tena. Fimbo ikikaa, rudisha nati, kaza kwa mkono kisha robo mzunguko kwa koleo. Mara ya kwanza huenda isizame yote. Ipandishe na kuishusha mara mbili tatu, itajipanga.

Ikibidi kuifungua mota

Chomoa waya wa hasi wa betri. Kwa magari ya Ulaya yenye redio yake ya asili, hakikisha kwanza unayo namba ya siri ya redio, kwa maana nyingine huiomba zikikosa umeme. Vua zulia la buti au plastiki ya ndani ya madigadi, kutegemea areli iko wapi. Utaona mota imeshikwa na bolti moja au mbili, mara nyingi za spana namba 10, pamoja na soketi ya umeme, waya mnene wa mawimbi unaokwenda kwenye redio, na mpira mwembamba unaotoka chini. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote.

Ukifungua kifuniko cha kibweta utakuta vipande vya nailoni, pengine vimesagika. Vitoe vyote, hata kimoja kidogo kisibaki kwenye meno ya gia. Futa grisi ya zamani kwa mswaki na mafuta ya taa, uache ikauke, upake grisi mpya nyeupe kiasi cha punje ya mchele kwenye gia tu. Hapa grisi ni halali kwa sababu pamefungwa. Rilei ikiwa humo ndani, tazama midomo yake ya shaba. Ikiwa nyeusi, ipitishie karatasi laini ya msasa mara mbili. Kaboni za mota zikiwa zimelika zikabaki fupi, fundi wa kusuka mota huweza kutafuta za kulingana. Unapofunga, paka silikoni kwenye ukingo wa kifuniko. Mota nyingi za areli hufa kwa sababu ya maji yaliyopita pale.

Na maji ndiyo suala ambalo mwenye gari wa Kericho asilipuuze hata kama redio haimshughulishi. Areli ni tundu kwenye bodi. Mpira wa shingoni ukipasuka, au ule mpira wa chini wa kutolea maji ukizibwa na tope, mvua ya kila alasiri inaingia ndani ya madigadi na kukaa. Gari lililokwisha kulika na chumvi ya Mombasa halihitaji zaidi ya hapo. Mimina kikombe cha maji shingoni na utazame kama yanatoka chini ya gari. Yasipotoka, chokonoa mpira kwa waya laini.

Redio iliyobadilishwa

Visa vingi vya areli kuwa kimya vilianza siku redio mpya ilipofungwa. Redio za madukani huwa na waya wa buluu kwa ajili ya areli, na mwingine wa buluu wenye mstari mweupe kwa ajili ya amplifaya. Fundi asiyejua huufunga wa buluu kwa gundi ya umeme na kuuacha ukining'inia nyuma ya dashibodi. Fundi mwingine huunganisha waya wa amri wa areli na umeme wa ufunguo. Basi areli inapanda kila unapowasha gari, hata kama hutaki redio, hata kama mawe yanaanguka. Kagua hapo kabla ya kununua chochote.

Jambo jingine linalosingiziwa areli ni redio za Japani. Redio ya asili ya gari la Japani la miaka ile husikiliza FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na stesheni za Kenya ziko kati ya 87.5 na 108. Bila kipanuzi cha bendi, kile kisanduku kidogo kinachofungwa kati ya areli na redio, utapata stesheni chache tu za chini hata areli iwe ndefu kama mnazi. Kisanduku hicho kinahitaji umeme, na mafundi wengi huuchukua kwenye waya ule ule wa amri ya areli. Waya ukilegea, vyote viwili vinakufa pamoja. Kwa hiyo ukiona areli haipandi na stesheni zimepotea kwa siku moja, tafuta waya huo kwanza.

Je, areli nusu haitoshi? Mjini Kericho inatosha, mitambo iko karibu. Lakini mawimbi ya FM yana urefu wa takriban mita tatu, na areli hufanya kazi vizuri ikiwa robo yake, yaani karibu sentimita 75, ambao ndio urefu wa fimbo iliyotoka yote. Mawimbi hayo pia husafiri moja kwa moja kama mwanga, hayapindi kufuata mabonde. Ukishuka kutoka Litein kwenda Kaplong na kuendelea Bomet, kila bonde litakudai zile sentimita ulizokosa.

Lini uache

Kama shingo imeoza, mota imejaa maji na bodi inayoizunguka imetoboka, usitumie pesa kuhuisha areli. Ziba kutu kwanza. Kisha weka areli ya kuvutwa kwa mkono kwenye tundu lile lile, yenye mpira mzuri shingoni. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mota, na haina kitu cha kunyonya betri. Zifunge nyaya za mota ya zamani moja moja kwa gundi ya umeme na uache fyuzi nje, kwa sababu ule waya wa betri una umeme wakati wote na ukigusa bodi ndani ya buti unaweza kuwasha moto. Areli za kubandika kwenye kioo ni chaguo la mwisho. Kwenye mabonde ya kule zinakoroma.

Anayenunua areli ya mtumba aijaribu palepale dukani kwa betri, ipande yote na kushuka yote mara tatu, na anuse mota. Harufu ya kuungua haijifichi. Ikishafungwa kwenye gari, jaribio la kweli ni barabarani: tafuta KBC, Chamgei FM au stesheni yoyote uipendayo ukiwa Kericho mjini, kisha teremka hadi kwenye daraja la mto wa karibu. Sauti ikibaki safi pale chini, rudisha plastiki za buti mahali pake.